UZI: Mafuta ya sangara, gongo na sumaku kubwa. Ni lini NMR ya megahezi 400 au 600 inahitajika kweli?

#1 Mwamba wa Kirumba

Wakuu, habari za jioni.

Kila muhula hapakosi mdogo wangu mmoja au wawili wanaosoma kemia au famasia wa kunipigia simu na swali lile lile: "Kaka, sampuli yangu niitume kwenye mashine ya ngapi?" Wamesikia kuna NMR, yaani mashine ya sumaku ya kuchunguza molekuli, ya megahezi 400, ya 600, hata ya 1200, na wanaamini namba ikiwa kubwa basi jibu ni bora. Nimeona nifungue uzi niandike kwa kirefu. Kuna watu wamekaa foleni ya mashine kubwa miezi kwa swali ambalo mashine ndogo ya mezani ingelimaliza kwa dakika tano. Na kuna wengine wameamini jibu la mashine ndogo mahali ambapo haikuwa na uwezo wa kuona kitu.

Nianze na kisa cha kwangu. Jirani yangu hapa Kirumba aliniletea chupa ya mafuta ya samaki aliyonunua kwa ajili ya mwanawe. Muuzaji alimwapia kuwa ni sangara mtupu. Rangi ilikuwa nzuri, harufu ya samaki ipo, lakini mama wa watu alikuwa na wasiwasi, akaniuliza kama maabara inaweza kusema ukweli. Nikaenda mwaloni asubuhi, nikanunua mafuta ya tumboni mwa sangara, nikayayeyusha nyumbani kwenye sufuria kwa moto mdogo, nikachuja kwa kitambaa safi. Hayo ndiyo yakawa kipimo changu cha kulinganishia. Chupa zote mbili nikazipatia nafasi kwa rafiki aliyeko chuo kimoja cha nje, ambako wana mashine mbili: ya mezani ya megahezi 60 na kubwa ya megahezi 400.

Kwa wasioijua kazi yake: kiini cha atomi ya haidrojeni kina tabia ya kisumaku. Kiweke ndani ya sumaku yenye nguvu, kipige kwa wimbi la redio, kitajibu kwa wimbi lake. Waliofika makumbusho ya Bujora wakaona zile ngoma za watemi watanielewa. Ngoma zikiwambwa kwa ngozi tofauti, hata ukizigonga zote kwa mpigo mmoja, sikio lililozoea litasema ipi ni ipi. Haidrojeni iliyo karibu na oksijeni haitoi sauti sawa na ile iliyoko mwisho wa mkia wa mafuta. Kompyuta inazitenganisha sauti hizo na kuchora vilele, na eneo chini ya kila kilele linalingana na idadi ya haidrojeni zilizokitoa. Sampuli haiungui wala haiharibiki. Ukimaliza bado unayo.

Sasa twende kwenye mafuta. Asidi za omega-3, ambazo mafuta ya samaki yanazo kwa wingi, zina kifungo maradufu karibu na mwisho wa mkia, kwa hiyo haidrojeni tatu za mwisho kabisa huonekana kwenye 0.97 ppm (ppm ni kipimo cha mahali kilele kinapokaa kwenye karatasi). Mafuta mengine yote mwisho wao wa mkia uko 0.88. Tofauti ni 0.09 tu. Kila kimoja hakiji peke yake, kinagawanyika kuwa meno matatu yanayoachana kama hezi 7.5, hivyo kundi zima lina upana wa hezi 15.

Piga hesabu hapo. Kwenye mashine ya megahezi 60, ppm moja ni hezi 60, kwa hiyo 0.09 ni hezi 5.4. Makundi mawili yenye upana wa hezi 15 yameachana kwa hezi 5 na kidogo! Yanalaliana. Kwenye megahezi 400, 0.09 ile ile inakuwa hezi 36, na yanasimama mbali mbali.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye karatasi ya 60, mafuta yangu na ya jirani yalikuwa na nundu moja pana pale karibu na 0.9, na mtu asiye mwangalifu angesema ni ndugu. Kwenye karatasi ya 400, ya kwangu ilionyesha meno matatu ya 0.97 wazi kabisa pembeni ya yale makubwa ya 0.88. Ya jirani, yale ya 0.97 yalikuwa yamefifia, ukiyatafuta unayapata, lakini madogo mno. Mafuta yale yalikuwa yamechanganywa, na sehemu kubwa haikuwa samaki.

Nililisema hilo kwa jirani yangu kwa masikitiko. Mtoto alikuwa ameyanywa kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo swali la "mashine ya ngapi" nalijibu hivi: chukua tofauti ya ppm kati ya vilele unavyotaka kuvitenganisha, zidisha kwa megahezi za mashine, kisha linganisha na upana wa kilele chenyewe. Hesabu hiyo unaifanya kwa kalamu kabla hujamwomba mtu nafasi.

Nitaendelea na habari ya gongo nikipata muda kesho. Karibuni kwa maswali.

#2 Mzee wa Igoma

Kijana wangu, umeandika vizuri. Lakini nilipoona kichwa cha uzi nilidhani unazungumzia NIMR, wale watafiti wa magonjwa ya binadamu wenye kituo hapa Mwanza. Hii NMR ni kitu kingine?

#3 Mwamba wa Kirumba

Shikamoo mzee. Ni kitu kingine kabisa, na wengi mjini hapa wanachanganya. NIMR ni taasisi ya utafiti wa tiba. NMR ni mbinu ya maabara. Ndugu yake wa karibu ni ile MRI ya hospitali, kwani zote zinasikiliza viini ndani ya sumaku. MRI nyingi za hospitali zina sumaku ya tesla 1.5 au 3. NMR ya megahezi 400 ni tesla 9.4, ya 600 ni 14.1, na ya 1200 ni tesla 28.2. Hizo megahezi ni masafa ambayo haidrojeni hujibu ndani ya sumaku hiyo, takriban megahezi 42.58 kwa kila tesla moja.

#4 Mzee wa Igoma

Marahaba. Nimeelewa. Endelea na la gongo, hilo linatugusa mtaani.

#5 Mwamba wa Kirumba

Nimerudi.

Gongo sheria imeipiga marufuku, lakini sote tunajua inapikwa, na kila baada ya muda tunasikia sehemu fulani watu wamepofuka au wamekufa. Mara nyingi anayeua ni methanoli. Ikiingia mwilini inageuzwa kuwa asidi ya fomiki, na mishipa ya macho huathirika mapema. Kwa macho, pua na ulimi huwezi kuitofautisha na ethanoli.

Kwa NMR, ethanoli ndani ya maji mazito (maji ambayo haidrojeni yake ni diuteriamu, aina nzito ambayo kipimo hiki hakiisikii) ina makundi mawili: meno matatu kwenye 1.17 na meno manne kwenye 3.65. Methanoli ina kilele kimoja tu, chembamba, kimesimama peke yake kwenye 3.34. Maji yenyewe ni mlima mkubwa kule karibu na 4.8 na hayagusi chochote hapo.

Hesabu tena. Kati ya 3.34 na 3.65 ni 0.31. Kwenye mashine ya mezani ya 60 hiyo ni hezi 18.6. Yale meno manne ya ethanoli yanatawanyika kama hezi 10.5 kila upande wa katikati yake, kwa hiyo jino la mwisho bado liko hezi 8 mbali na methanoli. Yanatengana! Tena raha yake ni kwamba haidrojeni za methanoli ni tatu, na zile za 1.17 za ethanoli nazo ni tatu, hivyo ukigawanya eneo la moja kwa jingine umepata uwiano wa molekuli moja kwa moja, bila kununua kemikali ya kulinganishia.

Kwa swali hilo kusubiri sumaku ya tesla 14 ni kupoteza siku, na siku ndizo ambazo mgonjwa hana.

Ethanoli ndiyo iliyofungua njia ya kazi hii yote. Felix Bloch na Edward Purcell waligundua mwitikio huu mwaka 1946, kila mmoja na kundi lake, wakapata Nobeli ya fizikia mwaka 1952. Mwaka 1951 kundi la Stanford likapima ethanoli na kuona vilele vitatu vyenye uwiano wa 3, 2 na 1: haidrojeni za mkiani, za katikati, na ile ya kwenye oksijeni. Kabla ya hapo wanafizikia walikuwa wakiona tofauti hizi kama usumbufu unaowaharibia vipimo. Kwa mkemia ule usumbufu ndio habari yenyewe.

#6 Minofu na Mizani

Mkuu, mimi niko kwenye maabara ya kiwanda cha minofu, na kwa heshima zote nakupinga kidogo. Mafuta ya samaki sisi tunapima kwa GC, yaani kromatografia ya gesi, inayotenganisha viambato kimoja kimoja. Unageuza kuwa esta za methili, unaingiza, unapata kila asidi kwa jina lake na kiasi chake. Mashine ya GC ni ndogo, haitaki sumaku wala heliamu ya kimiminika, na mafundi wake wapo. Pili, hiyo 0.97 yako inaweza kukudanganya. Soya na kanola nazo zina omega-3 yao, asidi ya linoleni. Mjanja akichanganya na soya atakupatia kilele cha 0.97 na utampa cheti.

#7 Mwamba wa Kirumba

Mkuu, hoja ya pili ni ya kweli na nashukuru umeileta, maana niliipita haraka. Ndiyo maana haitoshi kuangalia 0.97 peke yake. DHA, moja ya omega-3, ambayo samaki anayo na soya haina, huacha alama yake kwenye 2.38 kwa sababu vifungo vyake maradufu vinaanza karibu sana na kichwa cha asidi. Mafuta mengine pale kichwani yanaonekana 2.3 na chini kidogo. Kwa hiyo 0.97 ikiwepo na 2.38 isionekane, usitoe cheti. Karatasi ya jirani yangu ilikuwa dhaifu kwenye sehemu zote mbili.

Kuhusu GC: kwa orodha kamili ya asidi, GC inaishinda NMR, sibishani. Ninachosema ni kwamba kwa GC unayabadilisha mafuta kwanza, unavunja molekuli nzima. Kwa NMR unaweka matone machache kwenye klorofomu yenye diuteriamu, unaiona molekuli ikiwa nzima, pamoja na dalili za kuchacha ambazo hukuzitafuta. GC inajibu swali ulilouliza, ila kitu usichokijua kipo kinaweza kukupita.

#8 Minofu na Mizani

Hapo kwenye usichokijua nimekuelewa. Lakini kwa kazi ya kila siku ya kiwandani bado nabaki na GC yangu.

#9 Mwamba wa Kirumba

Kwa kazi ya kila siku ya kiwandani na mimi ningebaki nayo.

#10 Mvuvi wa Kayenze

Habari zenu wataalamu. Mimi mvuvi. Naomba kuuliza, hii mashine inaweza kuonyesha samaki aliyevuliwa kwa sumu? Na zebaki ya wachimba dhahabu je? Huku ziwani hilo ndilo linatuumiza. Mtu mmoja anamwaga sumu, soko linatufungia wote.

#11 Mwamba wa Kirumba

Kaka, swali zito na jibu langu litakuvunja moyo kidogo: hapana, siyo NMR.

Udhaifu wake mkubwa ni kutosikia sauti ndogo. Hata ndani ya tesla 9.4, kwenye joto la kawaida, nusu ya viini vinaelekea huku na nusu kule karibu sawasawa. Katika viini milioni moja, ziada ya upande mmoja ni kama 32 tu, na ni hao 32 tunaowasikia. Kukuza sumaku kunasaidia, lakini kutoka 400 kwenda 600 hakukupi hata maradufu ya usikivu. Kwa hiyo tunafanya kazi na miligramu. Mabaki ya dawa za wadudu kwenye minofu yanahesabiwa kwa mikrogramu ndani ya kilo nzima. Kwa hayo unahitaji GC iliyofungwa na spektrometa ya masi, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake. Zebaki ina njia zake, ikiwemo mashine ya ufyonzaji wa atomi.

Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu za dawa za wadudu, viwanda vya samaki vya kando ya ziwa viliyumba, na wazee wa Kayenze wanakumbuka kuliko mimi. Kwa tatizo kama lile, maabara yenye spektrometa ya masi ndiyo ya kudai. Yeyote atakayekuuzia wazo la NMR kwa ajili ya hilo anakupotosha.

#12 Mvuvi wa Kayenze

Nashukuru kwa kuniambia ukweli.

#13 Fundi Umeme Nyakato

Swali langu ni la umeme. Huku kwetu unakatika hata mara tatu kwa siku. Sumaku ya namna hiyo ikikatikiwa umeme si inakufa?

#14 Mwamba wa Kirumba

Fundi, hili huwa linashangaza watu. Sumaku kubwa haizimiki. Koili yake imetengenezwa kwa aloi za niobi, imezamishwa kwenye heliamu ya kimiminika kwenye nyuzi −269, na kwa baridi hiyo haina ukinzani hata kidogo. Ukishaingiza mkondo siku ya kwanza na kufunga mzunguko, unazunguka humo ndani miaka na miaka bila kulishwa. Umeme wote wa mji unaweza kukatika na sumaku ikabaki ile ile. Kinachozimika ni kompyuta, vikuza sauti, kompresa ya hewa na kiyoyozi. Kazi itasimama ila sumaku haifi.

Anayeteseka na umeme wetu ni yule mdogo wa mezani. Sumaku yake ni ya kudumu, kipande cha aloi, na nguvu yake hubadilika joto likibadilika, kwa hiyo ina hita inayoishikilia kwenye joto moja. Umeme ukikatika, joto linateleza, na ukirudi unaweza kusubiri saa kadhaa kabla haijatulia. Anayetaka kuileta Mwanza aweke fedha ya betri na inveta kwenye bajeti ya kwanza.

Kinachoua sumaku kubwa ni kiu. Naitrojeni ya kimiminika inaongezwa kila wiki hivi, heliamu kila baada ya miezi kadhaa. Heliamu ikishuka mno, koili inapoteza hali yake, nishati yote inageuka joto na kimiminika kinachemka chote kwa mkupuo. Lita moja inakuwa zaidi ya lita 700 za gesi, na chumba kisichopitisha hewa hukosa oksijeni. Watu wanatakiwa watoke mbio. Hapo ndipo pagumu kwetu, kwa sababu heliamu ya kimiminika inatoka mbali. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa Rukwa kuna heliamu ardhini, na mimi ni mmoja wa wanaoomba kwa dhati siku ije ambapo maabara za nchi hii zitaipata bila kungoja meli.

#15 Binti Nansio

Kaka shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nafanya mizizi ya mti mmoja wa dawa kutoka kwetu Ukerewe. Nilituma sampuli nje, nimerudishiwa PDF. Msimamizi wangu amefurahi anasema huenda ni kiambato kipya. Vilele vikubwa ni 7.71 na 7.53, vyote na eneo la 2, halafu 4.22 eneo la 4, na msongamano kuanzia 1.7 hadi 0.9. Kwenye kaboni kuna 167.7. Je, ni kweli ni kipya?

#16 Mwamba wa Kirumba

Marahaba mdogo wangu. Kabla sijajibu, niambie: dondoo lako ulilihifadhi kwenye chombo gani kutoka Nansio hadi Mwanza, na uliliyeyusha kwa kitu gani?

#17 Binti Nansio

Nililoweka kwa ethili asetati, nikalichuja kwa mrija wa plastiki, nikaliweka kwenye vichupa vya plastiki kwa sababu vya kioo niliogopa vitavunjika kwenye meli. Vilikaa humo wiki tatu.

#18 Mwamba wa Kirumba

Pole sana. Hicho siyo kiambato cha mizizi. Ni fthalati, kilainishi cha plastiki. Haidrojeni nne kwenye pete, mbili 7.71 na mbili 7.53, kila kundi na sura yake ile ya pacha. Haidrojeni nne za 4.22 zimekaa jirani na oksijeni za esta. Kaboni ya 167.7 ni ya esta zenyewe. Mikia ndiyo hiyo kuanzia 1.7 kushuka. Ethili asetati imeinyonya kutoka kwenye mrija na vichupa. Wapo watafiti wakubwa kuliko sisi walioitangaza kama zao la mmea, kwa hiyo usijilaumu, ila usiiandike kwenye tasnifu.

Nami yalinikuta ya namna hiyo. Miaka ya mwanzo niliandika ripoti nzima nikidai kiambato changu kina kundi la asetili, kwa ushahidi wa 2.05, 4.12 na 1.26. Ilikuwa ni ethili asetati yenyewe, sikuikausha vya kutosha. Aliyenionyesha ni fundi wa mashine kwa barua ya mistari miwili, na tangu siku hiyo nina karatasi ukutani yenye vilele vya uchafu wote wa kawaida ndani ya klorofomu: klorofomu yenyewe 7.26, maji 1.56, asetoni 2.17, grisi 1.26 na 0.86.

Sasa fanya hivi. Waandikie waliokupimia uombe data ghafi, siyo PDF. PDF ni picha tu. Data ghafi unaifungua kwa programu za bure, unasogeza msingi, unapanua sehemu ya 3 hadi 6 ambayo kwenye picha yako bila shaka imelala chini kwa sababu fthalati imeijaza karatasi. Kiambato chako cha kweli huenda kimo humo humo, kidogo. Ukikiona, ndipo 600 inapokuwa na maana kwako: vilele vya mmea vimesongamana, sampuli ni chache, na kaboni-13, ambayo ndiyo kaboni pekee mashine inayoisikia, ni asilimia 1.1 tu ya kaboni yote, kwa hiyo kwenye mashine ya kawaida utahitaji usiku mzima kuipata.

Na kwa sampuli ijayo: vyombo vya kioo tu, kifuniko chenye tefloni, hata kama ni kuvifunga ndani ya kanga kwenye meli. Kausha hadi uzito usibadilike siku mbili. Miligramu 5 hadi 10, kiyeyushaji mililita 0.6, ndani ya tyubu ya milimita 5 kitasimama kama sentimita 4 na kidogo. Pitisha kwenye pamba ndani ya pipeti ya kioo, vumbi likibaki sumaku haisawaziki na vilele vinavimba. Usibandike karatasi kwenye tyubu, andika kwenye kifuniko.

#19 Binti Nansio

Nimelia kidogo kaka, lakini asante. Nimeshawaandikia kuomba data ghafi. Msimamizi nitamweleza Jumatatu.

#20 Minofu na Mizani

Dada, kwenye maabara yetu kuna vichupa vya kioo vya mililita 20 vyenye vifuniko vya tefloni, vilivyotumika mara moja na kuoshwa. Nitakuwekea thelathini. Ukishuka kutoka Nansio, nitumie ujumbe humu ndani nikuletee pale kwenye gati.

#21 Binti Nansio

Naja na meli ya Alhamisi. Mizizi mipya nitaichimba Jumanne.